Kupima mtiririko wa damu katika mishipa midogo ya mguu wenye kidonda cha vena: mwongozo kwa watoa huduma wa Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na madaktari wanaohudumia vidonda sugu vya miguu mkoani Tabora, kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete hadi vituo vya afya vya Sikonge, Urambo, Kaliua na Nzega. Mgonjwa tunayemzungumzia anajulikana na kila aliyewahi kushika zamu ya chumba cha vidonda: ni mtu mzima ambaye kidonda kimekaa juu ya kifundo cha ndani cha mguu kwa miezi au hata miaka, ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi na ngumu, mguu huvimba jioni na kunywea asubuhi, na nyumbani wamekwisha kukiita donda ndugu. Tiba yake kuu ni bendeji ya kubana. Hata hivyo, bendeji ile ile inayoponya mguu wenye ateri nzima (ateri ni mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) inaweza kuiua ngozi ya mguu ambao ateri zake zimeziba, na kwa sababu hiyo ni wajibu wetu kujua, kabla ya kufunga chochote, ni damu kiasi gani inaifikia ngozi ile na kama inailisha.

Inafaa kwanza kukumbuka kidonda hiki kinavyotokea. Mtu anaposimama wima bila kutembea, shinikizo la damu katika vena za mguuni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hufikia takriban milimita 80 hadi 90 za zebaki, ambalo ni uzito wa safu ya damu kutoka moyoni hadi unyayoni. Akianza kutembea, misuli ya shavu la mguu huikamua damu na kuisukuma juu, valvu, yaani vilango vidogo vilivyo ndani ya vena, huizuia isirudi, na shinikizo hushuka hadi chini ya 30. Valvu zikiharibika, au vena kubwa ikiwa imewahi kuzibwa na damu iliyoganda, shinikizo hilo halishuki inavyopaswa hata mgonjwa akitembea kutwa nzima shambani, na mzigo wote huziangukia kapilari, yaani mishipa midogo kabisa inayoilisha ngozi. Kapilari hutanuka na kujikunjakunja, nyingine huziba na kupotea, protini na seli nyekundu huvuja nje, na madini ya chuma yaliyomo katika seli hizo ndiyo yanayoipaka ngozi rangi ile ya kahawia inayokaribia weusi. Mwaka 1982 watafiti Browse na Burnand walieleza kwamba fibrini, protini ya kugandisha damu, inayovuja huzizunguka kapilari na kuizuia oksijeni isipite. Mwaka 1988 Coleridge Smith na wenzake wakazitaja seli nyeupe zinazonasa ndani ya kapilari na kuzidhuru. Maelezo yote mawili yamepata wapinzani, lakini yanakubaliana kuwa madhara yako katika mishipa midogo kabisa, ambayo kidole kinachotafuta mapigo ya mguu hakiwezi kuihisi.

Hapo ndipo linapozuka jambo ambalo mpimaji asipolijua anaweza kumdhuru mgonjwa kwa kutumia namba iliyo sahihi. Ngozi inayozunguka kidonda cha vena, ikipimwa kwa leza, yaani kifaa cha mwanga kinachosoma mwendo wa damu, mara nyingi huonyesha mtiririko mkubwa kuliko ngozi ya mguu wenye afya, na papo hapo, ikipimwa oksijeni, huonyesha kiwango cha chini. Damu ni nyingi, lakini inapita katika mishipa iliyotanuka iliyo chini kidogo ya ngozi ya juu, huku kapilari zenyewe za kuilisha ngozi zikiwa zimebaki chache. Ni sawa na mto uliofurika huku mifereji ya kuingiza maji shambani imezibwa na tope. Kwa hiyo namba kubwa ya leza peke yake isisomwe kuwa ni dalili njema, na asiruhusiwe mtu yeyote kuandika kwenye faili kuwa "mzunguko wa damu ni mzuri" kwa kuiangalia namba hiyo tu.

Maandalizi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa vipimo vingi vya mishipa midogo huharibikia kwenye maandalizi kabla mashine haijawashwa. Kazi kubwa ya mishipa ya ngozi ni kuhifadhi joto la mwili au kulitoa nje. Hufunguka na kufunga kufuatana na hali ya hewa, chakula, dawa, hofu na hata mazungumzo. Chumba cha kupimia kinapaswa kuwa na nyuzi joto kati ya 22 na 24. Kwa Tabora sharti hili si dogo: asubuhi za Juni na Julai miguu ya wagonjwa huingia ikiwa ya baridi, na mchana wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati huwa kama kimewashiwa moto. Pasipo na kiyoyozi, wagonjwa wa miezi ya joto wapangiwe saa moja au saa mbili asubuhi, na wale wa miezi ya baridi wapangiwe saa nne au tano. Feni isielekezwe kwenye mguu. Kipimajoto cha ukutani ni lazima kiwepo, na joto la chumba liandikwe kila kipimo kinapofanyika.

Mgonjwa alale chali dakika 20 hadi 30, mguu ukiwa wazi na ukiwa katika usawa wa moyo, kabla ya kipimo cha kwanza. Aliyetoka Sikonge kwa bodaboda, au aliyekaa kwenye basi kutoka Kaliua miguu ikining'inia, atafika na uvimbe unaoacha shimo la kidole ugokoni na alama ya mpira wa soksi iliyozama kwenye ngozi. Huyo apewe muda mrefu zaidi, na ikiwezekana alale mjini kwa ndugu zake usiku wa kuamkia siku ya kipimo. Uvimbe huongeza umbali kati ya kifaa na mishipa, nao hupunguza oksijeni inayofika juu ya ngozi, hivyo kipimo kilichochukuliwa kwenye mguu uliovimba hakilinganishwi na kile cha mguu ulionywea.

Kwa saa chache kabla ya kipimo mgonjwa asinywe kahawa wala chai ya rangi iliyokolea, asile mlo mzito, na asivute sigara. Kuhusu tumbaku, katika mkoa wetu swali la "unavuta?" halitoshi. Mkulima anayevuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi ya mikono, na nikotini hubana mishipa midogo bila kujali imeingia kwa njia ipi. Aulizwe, basi, kama ametoka kuvuna jana au leo alfajiri, na kama ametoka huko apangiwe siku nyingine.

Aulizwe pia dawa anazotumia. Nifedipini na dawa nyingine za presha zinazotanua mishipa hubadilisha matokeo. Zisisimamishwe kwa ajili ya kipimo, ila jina, kiasi na saa aliyomeza viandikwe. Damu ipimwe wingi wake, kwa kuwa leza huhesabu mwendo wa seli nyekundu na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu ana seli chache za kuhesabiwa. Ugonjwa wa selimundu nao hutoa vidonda karibu na vifundo vya miguu, mahali pale pale panapotokea vidonda vya vena, na kijana mwenye kidonda cha namna hii achunguzwe selimundu kabla ya kuandikiwa kuwa ana ugonjwa wa vena. Kisukari na ukoma visisahauliwe.

Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, na mabaki ya dawa za majani yaliyopakwa pembeni yaondolewe taratibu. Usafishaji wa kukata nyama iliyokufa ufanyike baada ya kupima, kwa sababu huamsha mtiririko wa damu pembeni, na mafuta ya kutia ganzi kwenye ngozi yasitumike kabla yake kwa sababu hayo pia huigusa mishipa midogo.

Kisha mgonjwa aelezwe kwa lugha ya heshima, kwa maana wengi wa wagonjwa hawa ni wazee kuliko sisi. Baada ya shikamoo, maneno haya yanatosha: "Mzee, nitakuomba ulale kimya kwa muda kidogo. Mashine hii haichomi wala haitoi damu. Ukisikia maumivu niambie mara moja, lakini mengine yote tutayazungumza tukimaliza." Nasisitiza kimya hicho kwa sababu kwenye skrini ya leza kinaonekana waziwazi: mstari unatetema kwa mapigo ya moyo, unapanda na kushuka polepole kama unavyopumua mshipa wenyewe, kisha mgonjwa anaitikia salamu ya mtu aliyepita mlangoni na mstari unaruka juu mara tatu ya ulipokuwa.

Ateri kubwa kwanza

Hakuna kipimo cha mishipa midogo kinachoeleweka kabla ateri kubwa hazijajulikana hali yake. Kwa kifaa cha Dopla cha mkononi, kinachotoa mlio wa damu inayotembea, chenye megahezi 8, au 5 kwa mguu wenye uvimbe mwingi, pimeni presha ya mikono yote miwili, kisha presha ya ateri mbili za kila mguu, ile ya juu ya wayo na ile iliyo nyuma ya kifundo cha ndani. Mkanda wa presha ufungwe juu kidogo ya vifundo. Kidonda kikiwa chini yake, kifunikwe kwanza kwa plastiki safi nyembamba. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda hivi karibuni katika vena za ndani asifungwe mkanda kwenye mguu huo. Presha kubwa ya mguu igawanywe kwa presha kubwa zaidi ya mikono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9 ateri zina hitilafu. Kati ya 0.5 na 0.8 bendeji ya kubana kwa nguvu kamili, yaani milimita 40 za zebaki kifundoni, isifungwe, na kubana kidogo kufanywe kwa maelekezo ya bingwa tu. Chini ya 0.5 mguu usibanwe kabisa na mgonjwa apewe rufaa haraka.

Uwiano ukizidi 1.3, msifurahi. Kwa wenye kisukari na wazee, ukuta wa ateri huwa mgumu kiasi kwamba mkanda hauwezi kuikandamiza, na presha inayosomeka ni ya uongo. Hapo kuna njia ambayo haihitaji umeme wa ukutani wala fedha nyingi. Mgonjwa akiwa amelala chali, mpimaji huweka Dopla kwenye ateri ya wayo, husikiliza mlio, na msaidizi huuinua mguu polepole akiwa ameunyoosha hadi mlio unapopotea. Kimo cha wayo kutoka usawa wa moyo hupimwa kwa futikamba, na kila sentimita 13 huhesabiwa kuwa milimita 10 za zebaki. Mlio ukipotea kwenye sentimita 39, presha ya mguu ni 30 hivi, nao huo ni mguu ulio hatarini hata kama mkanda umesema vingine. Naipenda njia hii kuliko nyingine zote kwa vituo vya wilayani, kwa sababu haidanganywi na ugumu wa ateri.

Leza

Kituo kilichopata kifaa cha leza cha Dopla, ambacho mara nyingi huja na mradi wa utafiti, kinapaswa kujua kinapima nini. Mwanga wa leza, kwa kawaida wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 780, huingia kwenye ngozi kwa kina cha milimita moja hivi. Ukigonga seli nyekundu inayotembea, masafa yake hubadilika kidogo sana, na kifaa hukusanya mabadiliko hayo na kutoa namba inayounganisha wingi wa seli na kasi yake. Namba hiyo si mililita za damu, wala haiwezi kugeuzwa kuwa mililita. Hutolewa kwa vizio vya mashine yenyewe, na namba ya mashine moja haifai kulinganishwa na ya mashine ya aina nyingine.

Anzeni kwa kukisawazisha kifaa kwa kimiminika maalumu kinachoambatana nacho. Bandikeni kichwa cha kifaa kwa stika ya duara, bila kukigandamiza, sentimita moja hadi mbili kutoka ukingo wa kidonda, kwenye ngozi isiyo na vidonda vidogo wala mshipa unaoonekana kwa macho. Zungusheni alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha pimeni umbali wa alama hiyo kutoka katikati ya kifundo. Sehemu inayopimwa ni ndogo kuliko punje ya mchele, na kusogeza kichwa milimita chache kunatosha kubadilisha namba kabisa. Kwa hiyo chagueni nukta tatu au nne kuzunguka kidonda, na nyingine moja mahali kama hapo hapo kwenye mguu wa pili. Rekodini dakika tano za utulivu kwenye kila nukta, na chukueni wastani wa sehemu ambayo mgonjwa hakujitikisa.

Namba ya utulivu haisemi mengi. Kinachosema ni namna mishipa inavyojibu ikisumbuliwa. Moja ya majaribio mazuri ni la kushusha mguu: mgonjwa akiwa amelala ukingoni mwa kitanda, mguu unashushwa taratibu uning'inie takriban sentimita 50 chini ya usawa wa moyo huku leza ikiendelea kusoma. Kwa mtu mwenye afya, ateri ndogo hujibana mara moja na mtiririko hushuka kwa karibu nusu. Ndivyo mwili unavyozilinda kapilari dhidi ya shinikizo la kusimama. Mgonjwa aliyeharibikiwa vena hupungukiwa kinga hiyo, na mtiririko wake hushuka kidogo tu. Jaribio hili halichomi, halibani, halihitaji vifaa vya ziada, na linagusa chanzo chenyewe cha ugonjwa, ndiyo maana ningelipa nafasi ya kwanza kama muda ni mfupi.

Jaribio la pili ni la joto, kwa vichwa vyenye uwezo wa kupasha ngozi hadi nyuzi 42 au 44. Mtiririko hupanda kwa ghafla katika dakika za mwanzo kwa kazi ya neva, hushuka kidogo, kisha hupanda tena polepole na kutulia, na hatua hii ya pili hutegemea zaidi naitriki oksaidi, gesi ya kutanua mishipa, inayotolewa na ukuta wa mishipa. Inahitaji dakika 20 hadi 30. Ngozi ya pembeni ya kidonda cha vena, kwa kuwa imeanza na mtiririko mkubwa, huwa na nafasi ndogo ya kupanda. Jaribio la kuziba damu kwa mkanda wa pajani kwa dakika tatu hadi tano na kuangalia inavyorudi linaumiza, na kwa mwenye ateri dhaifu au historia ya damu kuganda tuliache. Pale linapofanyika salama lina faida moja ya pekee: huonyesha sifuri ya kweli, yaani namba inayobaki kwenye skrini hata damu ikiwa imesimama, ambayo lazima itolewe kwenye kila usomaji.

Rangi nyeusi ya ngozi na madoa ya chuma hunyonya sehemu ya mwanga. Leza ya nanomita 780 haisumbuki sana kama ya mwanga mwekundu wa 633, lakini ni salama zaidi kulinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, kabla na baada ya tiba, kuliko kumlinganisha na jedwali lililotengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya.

Oksijeni ya ngozi

Kipimo hiki hutumia elektrodi, kichwa kidogo cha kupimia kinachobandikwa, inayopasha ngozi hadi nyuzi 43 hadi 45 na kusoma oksijeni inayopenya nje. Elektrodi hubandikwa kwenye ngozi isiyo na unene wa kovu wala mfupa chini yake, husubiriwa dakika 15 hadi 20 itulie, na isiachwe hapo hapo kupita muda unaoelekezwa na mtengenezaji, kwa maana inaunguza. Kwa kawaida usomaji unaozidi milimita 40 za zebaki huchukuliwa kuwa wa matumaini, na ulio chini ya 30 kuwa wa mashaka.

Lakini viwango hivyo vilipatikana hasa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Tabora iko takriban mita 1,200 juu yake, na shinikizo la hewa huku ni kama milimita 660 za zebaki badala ya 760, kwa hiyo hata mtu mzima wa afya ana oksijeni pungufu kidogo katika ateri zake. Kifaa kisawazishwe kwa shinikizo la hewa la hapa hapa, na elektrodi ya pili iwekwe kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga, ili usomaji wa mguu ugawanywe kwa usomaji wa kifua. Uwiano huo hausumbuliwi sana na mwinuko, wala na ugonjwa wa mapafu. Wenzetu wa Kigoma, walio chini zaidi kando ya ziwa, wanahitaji pia kutumia shinikizo lao na si letu.

Darubini ya kapilari, inayohesabu vijishipa kwa macho, inafaa kwenye ukingo wa kucha kwa tone la mafuta. Juu ya kifundo, kwenye ngozi yetu iliyokwisha kupata madoa, kwa kawaida haionyeshi kitu cha kutegemewa.

Pasipo na leza wala elektrodi

Oksimeta ya kidole, yaani kibanio kinachopima oksijeni ya damu, ile inayoonyesha wimbi, inaweza kubanwa kwenye kidole gumba cha mguu uliopashwa joto kwa blanketi. Msome kwanza mguu ukiwa kitandani, kisha uinuliwe sentimita 30. Wimbi likipotea au oksijeni ikishuka zaidi ya asilimia 2, ateri zichunguzwe kwa makini. Kumbukeni kuwa oksimeta huelekea kuzidisha usomaji kwa watu wenye ngozi nyeusi, hivyo tofauti kati ya hali mbili ina thamani kuliko namba yenyewe. Kubonyeza kucha kwa sekunde tano na kuhesabu damu inavyorudi kunafaa kama msaada tu. Kwenye mguu wa vena damu huweza kurudi haraka ikitokea nyuma, kwenye vena zilizojaa, na kumdanganya mpimaji kuwa ateri ni nzima.

Kuandika na kurudia

Katika faili ziandikwe saa, joto la chumba, muda wa kupumzika, mzingo wa mguu kifundoni na kwenye shavu, dawa, wingi wa damu, aina ya mashine, mahali pa kila nukta kwa sentimita, na usomaji wa kila mkao. Kipimo kirudiwe baada ya wiki nne hadi sita za kubanwa, saa ile ile ya siku. Mabadiliko ya kutarajia kwa anayepona ni kupungua kwa mtiririko wa utulivu, kuongezeka kwa oksijeni, na kurejea kwa ule mjibano wa mguu unaposhushwa. Mtiririko na oksijeni vikishuka pamoja, bendeji ilegezwe siku hiyo hiyo na ateri zipimwe upya. Siku ya kurudia, bendeji ifunguliwe na mgonjwa alale zile zile dakika 20 hadi 30, na alama ya wino ikiwa imefutika, nukta itafutwe kwa futikamba kutoka katikati ya kifundo.